Lambo Lako Nimelikata, Baba

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako, na ule mguno wako wa mwisho. Sikupatia sana, ila nimejaribu.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu leo Jumatano, na keshokutwa Athumani akitoka kuswali Ijumaa atapita makaburini kama kawaida yake. Atachutama hapo kichwani pako, atafuta machozi kwa kofia, na atakupa habari zote za nyumbani. Mimi mwanamke. Hata siku ile mlipoondoka hapa niliishia mlangoni, nikalisindikiza jeneza kwa macho mpaka likapotelea kwenye michungwa. Tangu siku hiyo mwanao wa kiume ndiye anayekwenda kuzungumza nawe, kwa hiyo unasikia ya upande mmoja tu. Safari hii nataka ulisikie kwangu kwanza.

Lambo lako nimelikata, Baba. Jana. Ni mimi niliyetoa amri, na jembe la kwanza nililipiga mimi.

Haya, nimeshasema. Sasa tulia nikueleze, na usinikatize, maana ulikuwa na tabia hiyo.

Nianze na Athumani, kwa kuwa yeye ndiye atakayekufikia akilia. Usimkasirikie. Alilolifanya alilifanya kwa kukupenda, na sisi wengine wote tuliitikia amin.

Ulipofariki, siku ya tatu ya matanga, Maalim Rajabu alisimama pale uani akasema maneno ambayo hayajanitoka. Alisema mwanadamu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kisha akanyoosha mkono kule bondeni akasema, huyu mzee wetu ametangulia na lambo lake. Maadamu kuna kiumbe anainamisha kichwa kunywa pale, thawabu zinamfikia kaburini. Watu wakaguna kwa furaha. Wengine walilia. Mimi nililia, na niliacha kulia kwa ajili ya maneno hayohayo.

Kwa sababu unajua ilivyokuwa, Baba, siku zako za mwisho. Kifua kimekubana, uji humalizi, na kila ukifumbua macho unauliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Nakujibu wamekunywa, unafumba tena. Basi baada ya wewe kuondoka nikawa na mazoea yangu. Adhuhuri ng'ombe wakiteremka, natoka na kazi yangu, mchele wa kuchagua au kisamvu cha kutwanga, nakaa mahali ninapowaona. Ng'ombe akiinamisha shingo nasema moyoni, haya, Baba kapata. Mwingine akiinama, kapata tena. Mbuzi, punda, hata mbwa wa jirani yule mwenye upele. Watu waliniona nimekaa tu wakadhani huzuni imenizidi. Mimi nilikuwa nakulisha.

Kwenye mirathi kipande cha bondeni kiliniangukia mimi pamoja na lambo, Athumani akapata michungwa ya juu. Shangazi akacheka akasema mtoto wa kike amerithi vyura. Nilimwacha acheke. Nilijua nimepewa nini.

Sasa ilipofika hitima ya mwaka, Athumani alikuja kutoka Ngamiani, mjini anakofanya kazi, na saruji kwenye gari na vijana wawili wa kazi. Nikamuuliza saruji ya nini, akasema ni zawadi ya Baba. Akatupeleka mpaka pembeni ya tuta, kwenye ule mfereji uliouita utoro, uliouchimba ili maji yakizidi yapate pa kutokea. Akasema, angalieni, kila masika maji yanapita hapa yanakwenda kupotea. Kila tone linalopita hapa ni thawabu ya Baba inapotea. Tukiuziba, lambo litajaa mara mbili, kiangazi halitakauka, na watakunywa wengi zaidi.

Baba, nani angekataa? Hata Maalim alisema niya njema. Wanaume wakasomba mawe, wanawake tukasomba maji ya kukorogea zege, na Bi Hidaya wa bondeni, pamoja na magoti yake yale, alileta ndoo mbili. Utoro ukazibwa na ukuta wa zege mnene hasa. Tukasoma dua juu yake, tukala pilau, kila mtu akaenda kwake ameridhika. Athumani alikuwa anang'aa usoni. Alikushindilia thawabu, kama unavyomshindilia msafiri kikapu cha chakula huku gari linaondoka.

Wewe ungekuwepo ungempiga kofi. Najua. Wewe uliyekuwa ukilitembelea tuta kila ukitoka kuswali alfajiri, miguu mitupu, umande au hakuna, kwa kuwa ulisema kiatu hakijui majimaji. Ulikuwa unatembea chini kwenye kitako cha tuta taratibu, unakanyaga na kusikiliza, na ukiona kimche kimeota unaking'oa na mizizi yake. Siku moja nilikuomba uniachie mpera ulioota pale wenyewe, mzuri, umeshatoa maua. Ukaniambia, "Mama, mzizi ukifa ndani unaacha njia." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Kisha ukaung'oa palepale mbele yangu, nami nikanuna siku nzima.

Nakumbuka hata ulivyolijenga. Watu walisema Mzee Bakari amerukwa na akili, anakizuia kijito kwa jembe. Hukuwa na mtambo wa kushindilia udongo, ukaenda kwa wafugaji ukapatana nao: wao wakuazime miguu ya ng'ombe, wewe uwape maji siku zote. Tukawa tunamwaga udongo wa mfinyanzi, tunatandaza, ng'ombe wanapitishwa juu yake kwenda na kurudi, mimi nyuma na fimbo, nimejaa tope mpaka kwenye nywele. Ng'ombe akiangusha mavi unasimamisha kazi yote unayazoa kwa mikono yako, hata yaliyosagika, maana yakiozea ndani yanaacha uwazi. Mama yetu alikuwa anakutania, iko siku tuta hili utalifukizia udi. Ulicheka ukaendelea kuzoa.

Na namkumbuka Bi Hidaya alivyokuja siku ile kukugombeza, kanga kiunoni, tuta limeshaanza kunyanyuka. Nyumba yake iko chini kabisa, si unajua, tuta likiwa juu yake kama paa. Akasema, "Bakari, umenitundikia bahari kichwani." Ukaweka jembe chini. Ukanawa mikono kwanza. Kisha ukamwambia, "Wallahi, Hidaya, maji haya hayatafika kwako ila yakiwa ndani ya ndoo." Akakutazama, akafungua kanga kiunoni akajitanda, akaenda zake. Halikusemwa tena mpaka mwaka huu.

Masika ya mwaka huu yalikuwa na jeuri. Yalinyesha mchana yakanyesha usiku, barabara ya Muheza ikakatika, machungwa yakaozea mitini. Lambo likajaa kama alivyotaka Athumani, kisha likapita kiasi alichotaka Athumani. Asubuhi moja nikatoka nikaona maji yanalamba mgongo wa tuta, na mahali pamoja, pale karibu na mwembe uliokatwa, yanamwagikia upande wa pili, yanakula udongo yakishuka. Nilipiga kelele mpaka nikapotewa na sauti. Wanaume wakaja na mitaimbo na nyundo wakalivunja zege la utoro, mvua inawapiga migongoni, na lile zege, kwa lilivyojengwa kwa mapenzi, lilikataa kuvunjika. Lilipoachia, maji yalitoka kwa ngurumo. Yakateremka. Tukasema alhamdulillahi, tumepona.

Hatukupona. Mvua zilipokwisha nikafanya kama wewe, nikavua viatu nikapita kwenye kitako cha tuta. Pale palipomwagikia nikakanyaga maji. Chemchemi ndogo tu, unene wa kidole, lakini haikuwa maji meupe, Baba. Ilikuwa maji ya udongo. Nikayashika mkononi, nikaona ni tuta lenyewe linatoka kidogokidogo. Na juu, mgongoni, ufa ambao mkono wangu uliingia.

Bwana wa maji alikuja kutoka wilayani, kijana mstaarabu, hakujidai. Alizunguka, akachomachoma kwa fimbo. Akaniambia tuta limeshakufa kwa ndani, halishoneki. Ama libomolewe lote lijengwe upya kwa mashine, ama likatwe sasa hivi wakati wa kiangazi maji yako chini. Likiachwa hivyo, vuli zitalichukua, na zikilichukua halitaaga.

Mashine hatuna, wala pa kuipata hatupajui. Na wale ng'ombe wa zamani na watu wa zamani, wako wapi, Baba? Wewe mwenyewe hupo.

Nikampigia Athumani. Sijawahi kumsikia analia hivyo, na unamjua machozi yake yako karibu tangu utotoni. Alisema, "Dada, usilikate. Ukilikata umemkatia Baba." Nikamwambia kuna watu chini. Akasema wahamie huku juu mvua zikianza, yeye atagharamia kila kitu, ila lambo lisikatwe. Akasema yeye ndiye aliyeziba, akiliona limekatwa atakuwa amemuua Baba mara ya pili. Nikakata simu. Hata mimi ndivyo nilivyokuwa naona.

Wiki ile sikulala vizuri. Kila aliyepita hapa barazani alikuwa na methali yake ya maji. Nimeambiwa maji yakimwagika hayazoleki, nimeambiwa maji nimeyavulia nguo sina budi kuyaoga, mpaka nikataka kumwagia mtu maji. Nikaenda kwa Maalim Rajabu. Akaniambia kuondoa la kumdhuru mtu njiani nako ni sadaka, na mwenye niya hapotezi ujira wake. Maneno mazuri. Niliyaelewa, nikamshukuru, nikarudi nyumbani, adhuhuri ng'ombe wakateremka wakanywa, na moyo wangu ukasema kama kila siku, haya, kapata. Nikashindwa.

Aliyenikatia shauri ni Bi Hidaya, na wala hakukusudia. Nilimwendea kumwomba, vuli zikianza aje alale kwangu, yeye na wajukuu zake, mpaka mvua zipite. Nilimkuta anaanika muhogo wa kusagia unga wa bada. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Nihame nyumba yangu kwa ajili gani? Baba yako aliniapia." Nikamwambia bibi, tuta lina ufa. Akasema ufa ni wa udongo, kiapo ni cha Bakari, na Bakari hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Akaendelea kugeuza muhogo. Hatoki. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamtuma Maalim, hatoki.

Nikarudi kwa njia ya tuta. Nikafikiri, mama huyu hakai pale kwa ukaidi. Anakaa kwa neno lako. Wewe umekufa, na neno lako bado limemkalisha chini ya tuta linalotoka udongo, na wajukuu zake wamelala pembeni yake. Siku tuta likienda, maji yatamfikia akiwa anakuamini. Sikuweza kulivumilia hilo, Baba. Thawabu zako nilizitaka, Mungu shahidi, nilizitaka kuliko chakula. Lakini deni la kiapo sikutaka likufuate huko uliko.

Basi jana tukalikata. Nilikwenda asubuhi na wanaume wa hapa, wawili kati yao walikuwa vijana ulipolijenga. Tulianzia pale juu, mbali na nyumba ya Bi Hidaya, tukafungua mfereji mdogo kuelekea kwenye mkondo wa zamani wa kijito. Tunachimba kidogo, tunayaacha maji yapite, tunasubiri, tunachimba tena. Polepole. Ulikuwa udongo mgumu mno. Jembe langu la kwanza lilirudi kama nimepiga jiwe, mikono ikafa ganzi. Mmoja wa wanaume akasema hii ni kazi ya zile kwato, na hakuna aliyecheka. Chini ya mgongo wa tuta ungeweza kuona matabaka, moja juu ya jingine, jinsi ulivyoyatandaza. Nilitamani nisiyaone.

Bi Hidaya alikuja akasimama kando. Nilidhani atanishukuru. Akaniambia nimevunja jengo la baba yangu kwa ajili ya kibanda chake, na yeye hakuniomba. Akakaa chini akalia kwa sauti, kilio cha msibani. Nikamwacha. Alikuwa na haki yake.

Adhuhuri ng'ombe waliteremka kama siku zote. Mchungaji hakuwa na habari. Walifika ukingoni wakakuta tope, wakaingia tope mpaka magotini kufuata kidimbwi kilichobaki katikati, wengine wakasimama tu wananusa. Ng'ombe mmoja mwekundu alilia. Hapo nikakaa kwenye majani.

Athumani alifika wakati huo, kwa bodaboda kutoka Muheza. Nilijua atakuja na ugomvi, nikajiandaa, na unajua mdomo wangu. Hakugomba. Hakunisalimia. Alitembea mpaka pale tulipokata, akasimama akatazama maji yanapita, kisha akaja akakaa chini karibu yangu na suruali yake ya kazini. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya utotoni kabisa, "Dada, sasa Baba atakuwa anapata nini?"

Sikumjibu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kumwambia Athumani tangu azaliwe. Nilimshika mkono tu. Mpaka alasiri maji yalikuwa yamekwisha.

Kwa hiyo akija Ijumaa akakuuliza wewe swali hilohilo, usimwache akae nalo. Tafadhali. Wewe ndiye uliyetulea wote wawili, huyu mpole sana na huyu mkali sana. Mpe utulivu wa moyo kwa namna mnavyowapa watu huko. Mwambie zege hukulihesabu.

Mimi jibu nimelifikiria tangu jana, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana nimeona aibu kulisema kwa mdomo. Mambo matatu, alisema Maalim. Elimu hukuacha, Baba, tusidanganyane, hata jina lako uliandika kwa taabu. Sadaka nimeikata kwa mikono yangu. Sasa katika yote matatu limebaki moja, nalo ni mimi. Mimi na Athumani, lakini Athumani anaomba toka zamani, hahitaji kuambiwa. Niliyebaki nyuma ni mimi, mwanao mwenye mdomo mrefu na swala fupi. Wewe ndiye uliyekuwa ukinigongea mlango alfajiri miaka yote hii, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi, nami nakujibu nimeamka nikiwa bado nimelala. Tangu ulipoondoka mlango haujagongwa, na alfajiri nyingi zimenipita, na nilijiambia si neno, lambo linafanya kazi.

Halifanyi tena. Nakuahidi, Baba. Siahidi makubwa, sitakuwa mcha Mungu wa kutolewa mfano, hilo tusubiri. Nakuahidi kwamba kila alfajiri utatajwa na mimi, kwa jina lako na la mama yako, kabla sijaomba langu lolote. Siku nikiumwa nitakutaja nimelala. Sina maji tena ya kukuletea.

Lala salama, Baba yangu. Mungu akupanulie mahali pako, akuonee huruma kama ulivyowaonea wenye kiu.

Leo alfajiri niliamka kabla ya adhana. Nilikaa kitandani kidogo, nikausikiliza mlango. Kisha nikainuka nikaenda kutawadha.

Mwanao,
Zaina